Miezi Sita Kabla ya Wodi

Barua ya kujiunga na chuo cha afya inapomfikia kijana wa Kilolo, awe wa Dabaga kwenye baridi ya milima ya Udzungwa au wa Ilula kando ya barabara kuu iendayo Zambia, huja na karatasi nyingi, na miongoni mwao imo moja ambayo aghalabu husomwa mwisho na kujazwa kwa haraka: fomu ya uchunguzi wa afya, itakayo saini ya tabibu na mhuri wa hospitali. Humo huulizwa habari za chanjo alizopata, za damu yake, za kifua chake, na za maradhi aliyopata kuyaugua. Wazazi wengi, ambao fikira zao zote zimeelekea kwenye ada na godoro, huahirisha safari ya hospitali mpaka siku mbili tatu kabla ya safari ya chuo. Kwa maradhi mengine desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwa homa ya ini ya virusi B inayo, kwa kuwa kinga yake, kwa ratiba ya kawaida, huhitaji nusu mwaka ili ikamilike.

Kumkinga mwanafunzi kabla hajamgusa mgonjwa ni elimu iliyopatikana kwa gharama ya roho za watu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa akitaabishwa na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza: wodi ya wazazi iliyohudumiwa na wanafunzi wa udaktari ilipoteza wanawake wengi mno kwa homa ya uzazi, ilhali wodi ya jirani, iliyohudumiwa na wanafunzi wa ukunga, ilipoteza wachache. Mwaka huo huo rafiki yake, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafariki dunia kwa dalili zile zile zilizowaua wazazi. Hapo Semmelweis akatambua kwamba wanafunzi walikuwa wakitoka kwenye maiti na kwenda kuwazalisha wanawake wakiwa na sumu ile mikononi; akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua sana. Kisa hicho kimoja chatosha kuonyesha kwamba mwanafunzi aweza kumpelekea mgonjwa maradhi, na kwamba maradhi hayo hayo yaweza kumwingia yeye au mwalimu wake kwa jeraha lisilozidi upana wa ukucha.

Katika yote yanayoweza kupita kwenye ncha ya sindano, virusi B vya homa ya ini ni vyepesi kuambukiza kupita vile tunavyoviogopa zaidi. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo, hatari ya kuambukizwa yaweza kufika 30 katika kila 100. Kwa homa ya ini ya virusi C ni takriban 2 katika 100. Kwa Virusi vya UKIMWI ni takriban 3 katika 1,000. Fauka ya hayo, virusi B huweza kudumu nje ya mwili, juu ya meza au chombo chenye damu iliyokauka, kwa muda usiopungua siku 7. Wachunguzi waliopima damu za watumishi wa hospitali moja kubwa ya rufaa jijini Mwanza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, waliwakuta watumishi wapatao 7 katika kila 100 wakiwa na maambukizi ya kudumu.

Silaha dhidi ya virusi hivi ipo, na historia yake ni ya fahari. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg, mtaalamu wa Kimarekani, aliigundua ndani ya damu ya mwenyeji wa Australia protini ngeni ambayo baadaye ilithibitika kuwa ganda la kirusi hiki, na mwaka 1976 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1986 ganda hilo hutengenezwa kwa msaada wa hamira, ambayo hupandikizwa jeni moja tu ya kirusi; kwa hiyo chanjo haina kirusi kizima, wala haiwezi kumletea mtu homa ya ini. Hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Dozi ya kwanza huziamsha chembe chache za damu zinazolitambua ganda lile. Ya pili huziongeza. Na katika miezi inayofuata mwili huzichambua, kama mkulima achaguavyo mbegu bora za mahindi baada ya mavuno, ukibakiza zile zinazolishika ganda kwa nguvu zaidi, ili dozi ya tatu izikute tayari na kuzithibitisha katika kumbukumbu ya miaka mingi. Mwezi mmoja au miwili baada ya hapo damu yafaa ipimwe kiwango cha kinga, kwa sababu katika watu wazima 100 wenye siha njema, 5 hadi 10 hawaitikii chanjo, nao hustahili kurudiwa.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi B mwaka 2002. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo, naye akakamilisha kliniki yake, huenda kiwango chake kimeshuka ilhali kumbukumbu ya mwili ingalipo, na dozi moja ikatosha kuiamsha. Kwa hiyo ile kadi ya kliniki ambayo mama aliihifadhi sandukuni kwa miaka yote hiyo ni ushahidi wa kitabibu wenye thamani kubwa, na yafaa iambatane na fomu. Asiye na kadi na aanze upya wiki ile ile ya barua. Akianza Septemba, dozi ya tatu itaangukia Machi; akingoja afike chuoni na kuzungushwa kati ya ofisi na duka la dawa, ataingia wodini kwa mafunzo ya vitendo ilhali kinga yake haijakamilika. Kwa aliyebanwa na wakati ipo ratiba ya haraka, ya siku ya kwanza, ya 7 na ya 21, ikifuatwa na dozi ya mwisho baada ya mwaka. Laiti vyuo vingeyaandika haya katika ukurasa wa kwanza wa maelekezo yao, na laiti gharama ya chanjo, ambayo kwa mtu mzima mara nyingi hutoka mfukoni mwake, ingebebwa na mfuko wa umma, maana anayekingwa si mwanafunzi peke yake.

Kifua kikuu kina tabia nyingine. BCG, chanjo ambayo Albert Calmette na Camille Guérin waliitengeneza kwa miaka 13 kabla ya kumpa mtoto wa kwanza mwaka 1921, humhifadhi mtoto mchanga na aina kali za ugonjwa huo, lakini humkinga kidogo mno mtu mzima mapafuni. Kipimo cha ngozi cha Mantoux nacho hutatiza katika nchi yetu, kwa kuwa wengi huvimba mkono ama kwa sababu ya BCG ama kwa kukutana na vimelea zamani. Basi cha kufanya ni kumwuliza mwanafunzi kwa makini habari za kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, na penye shaka kupima makohozi. Hapo Nyanda za Juu Kusini zina sehemu yao katika elimu ya dunia: mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, ilijaribiwa pia katika kituo cha utafiti cha Mbeya ilipokuwa bado mpya. Na utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anywe dawa mpaka apone, uliokuja kufuatwa ulimwenguni kote, ulijengwa kwa sehemu kubwa hapa Tanzania na daktari Karel Styblo, kuanzia mpango wa taifa wa mwaka 1977.

Lakini hapa Kilolo liko neno la kuongeza juu ya kifua kikuu, nalo ni dirisha. Mwezi Juni na Julai baridi huwafanya watu wafunge madirisha ya wodi, ya madarasa na ya mabweni, na hewa ile ile huvutwa na kila aliyemo. Watafiti waliopima mzunguko wa hewa katika hospitali za Lima, nchini Peru, na kuchapisha habari zao mwaka 2007, waliona kwamba wodi za kale zenye dari ndefu na madirisha makubwa, yakiwa wazi, zilibadilisha hewa mara 40 kwa saa, na zile za kisasa mara 17. Mwanafunzi anayetoka Dabaga na apewe blanketi la pili, dirisha libaki wazi.

Juu ya UKIMWI nitasema machache, ingawa uchunguzi wa kitaifa wa 2016-17 uliikuta Iringa ikiwa na watu wazima 11.3 katika kila 100 wanaoishi na virusi. Sheria ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima, ila kwa mambo machache iliyoyataja. Mwanafunzi hupima kwa hiari yake na kwa siri. Anachopaswa kukijua kabla hajashika sindano ni kwamba akichomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, atoe taarifa papo hapo, na dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Pepopunda, surua na rubella zina chanjo zake, na uthibitisho wake haumchukui tabibu dakika nyingi.

Limebaki swali ambalo vijana hulinong'ona: je, nikikutwa na virusi B, nitafukuzwa? Kitaalamu hakuna hoja ya kumfukuza. Ataelezwa faraghani, atapimwa hali ya ini na wingi wa virusi, akihitaji dawa, iko tenofovir, kidonge cha kila siku kinachovidhibiti, na ataendelea na masomo, akishauriwa tu juu ya upasuaji wa ndani ambamo mikono hufanya kazi mahali pasipoonekana. Na kwa kuwa mtoto mchanga akiambukizwa hubaki na virusi mara 90 katika 100, ilhali mtu mzima hubaki navyo chini ya mara 5, yaelekea kijana huyo alivipata nyumbani tangu utotoni. Kwa hiyo mama yake na ndugu zake wa tumbo moja nao huitwa kupimwa, na kila asiye na virusi wala kinga huanza dozi ya kwanza siku hiyo hiyo.