Kirusi Hakina Cherehani

Natumaini mmepona mafua, maana wiki hizi ukipita korido za bweni letu ni chafya mlango kwa mlango.

Nianze na kisa. Muhula uliopita nilikuwa nimekaa viti vya nyuma kwenye mhadhara wa biolojia ya seli, nusu nasikiliza nusu nasinzia, mara mhadhiri akataja neno "Semliki". Nikashtuka. Semliki ya Uganda? Kule Bwamba, chini ya Milima ya Rwenzori, mpakani na Kongo? Kumbe ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 1942 watafiti wa Entebbe walikuta kirusi kipya ndani ya mbu waliokamatwa katika msitu ule, wakakipa jina la msitu. Miaka karibu thelathini baadaye kirusi hicho kilikuwa Helsinki, Ufini, kikisaidia kujibu swali ninalotaka tulizungumze leo: virusi vinavyovaa mafuta huyatoa wapi?

Nani kakishonea?

Kuna virusi vinavyotembea na gamba la protini tu, kama vile vya polio. Na kuna vinavyovaa utando laini wa mafuta kwa nje: virusi vya homa ya mafua, surua, Ebola, UKIMWI (VVU), korona, na hiki chetu cha Semliki.

Utando huo umejengwa kama ule unaozunguka kila seli ya mwili wako. Ni tabaka mbili za molekuli ziitwazo fosfolipidi. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, kwa hiyo mikia inajificha ndani na vichwa vinatazama nje. Kati yake imejichomeka kolesteroli, inayoupa utando ugumu kidogo.

Sasa, kutengeneza mafuta haya kunahitaji vimeng'enya vingi. Kirusi cha Semliki kina maelekezo ya protini kama kumi hivi, na hakuna hata moja ya kutengenezea mafuta. Cherehani hakina, kitambaa hakina. Basi kinafanyaje? Kinaingia ndani ya seli na kuitumikisha itengeneze protini zake. Protini za miiba yake zinapelekwa kwenye utando wa nje wa seli. Halafu kiini cha kirusi kinausukuma utando ule kutoka ndani, unachomoza kama chipukizi, unajikata, na kirusi kinaondoka kimejifunika kipande cha seli. Mwizi katoka na shuka la mwenye nyumba.

Ushahidi wa Helsinki

Mwaka 1971 Ossi Renkonen, Leevi Kääriäinen, Kai Simons na wenzao walitoa matokeo yao. Walikuza kirusi cha Semliki ndani ya seli za figo za hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakakisafisha, wakapima mafuta yake, kisha wakayalinganisha na ya utando wa nje wa seli zile. Yakafanana sana. Kwenye kirusi kulikuwa na karibu molekuli moja ya kolesteroli kwa kila fosfolipidi moja.

Baadaye kirusi hicho kikakuzwa ndani ya seli za mbu. Wadudu hawawezi kujitengenezea kolesteroli, wanaipata kwenye chakula, na mchanganyiko wa fosfolipidi zao si kama wetu. Kirusi kikatoka na mafuta ya kimbu, kolesteroli ikiwa kidogo. Maelekezo yale yale, miiba ile ile, lakini koti lingine kabisa. Ni kama mitumba: soma lebo utajua nguo imetoka wapi.

Ila si kwamba kila kirusi kinakata popote. VVU vilipopimwa mwaka 2006 vilikutwa na kolesteroli na sfingolipidi nyingi kuliko utando wa kawaida wa seli, dalili kwamba vinachagua sehemu maalumu. Korona nayo hailichukui koti lake nje ya seli, inalikata kwenye tando za ndani.

Sabuni inashinda hapa

Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hiyo inajipenyeza kwenye koti la kirusi na kulichanachana. Koti likipasuka, miiba inatawanyika, na bila miiba kirusi hakiwezi kufungua mlango wa seli. Spiriti nayo inaharibu koti hilo. Ndiyo maana norovirusi, wale wa kutapika na kuhara wanaozunguka mabweni msimu wa baridi, hawaogopi sana jeli ya spiriti: wao hawana koti la kupasua. Kwao nawa kwa sabuni na maji mengi, wasombwe waende zao.

Na ndani ya mwili je?

Hapa ndipo penye uchungu, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Kuna kemikali iitwayo nonoksinoli-9, jamaa wa sabuni, iliyotumika miaka mingi kuua mbegu za kiume ili kuzuia mimba. Maabara zilionyesha kwamba inapasua koti la VVU bila shida. Watu wakapata matumaini: mwanamke angeweza kujikinga mwenyewe, bila kumsubiri mwanamume akubali kondomu.

Ikajaribiwa Nairobi, kwenye sponji, kwa wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Matokeo yalitoka mwaka 1992: haikuwakinga, na ikawaongezea vidonda. Ikajaribiwa tena kama jeli huko Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo ya mwaka 2002 yanasikitisha: walioambukizwa walikuwa 59 upande wa dawa, na 45 upande wa jeli isiyo na dawa, ingawa makundi yalikaribia kulingana kwa idadi. Waliotumia mara nyingi zaidi ndio walioumia zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu koti lile ni letu. Kemikali haiwezi kutofautisha mafuta ya kirusi na mafuta ya seli yalikotoka. Ilipasua vyote viwili, na ngozi laini ya ndani ikaachwa wazi kwa virusi vilivyobaki.

Ndiyo maana dawa za VVU hazigusi koti. Nyingi zinalenga vimeng'enya vya kirusi chenyewe, vitu ambavyo sisi hatuna. Na chanjo ya korona inaufundisha mwili kutambua mwiba, si mafuta.

Kwa hiyo jamani, akikuletea mtu habari za kunywa dawa ya kuoshea vyoo, au kujisafisha ukeni kwa sabuni ili "kuua virusi", usimcheke tu ukaenda zako. Mkalishe umweleze. Mkononi, juu ya ngozi ngumu, sabuni ni rafiki. Ndani ya mwili, kinachoungua ni wewe.

Haya, nendeni mkanawe. Tuonane toleo lijalo, na kila la heri kwenye mitihani.