Kizunguzungu si Woga

Kuna dhana iliyoota mizizi katika baadhi ya vilabu vyetu vya karate na taekwondo kwamba mtoto anayepepesuka baada ya kuzunguka ni mwoga, na kwamba dawa yake ni kuzungushwa zaidi hadi azoee. Nimewashuhudia wakufunzi wakiwazungusha mfululizo watoto wa miaka tisa au kumi, na wanapoanguka, wenzao huachwa wawacheke. Dhana hiyo haina msingi, nayo inawafukuza michezoni watoto ambao wangetufaa.

Asili ya kizunguzungu ni sikio wala si moyo. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo, iliyopinda na kujaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo huchelewa nyuma kidogo na kuvisukuma vinyweleo vinavyoupasha ubongo habari. Mtu akizidi kuzunguka, majimaji nayo hushika mwendo. Akisimama ghafla, yenyewe huendelea. Ndipo ubongo hupokea habari mbili zinazopingana: miguu yasema tumesimama, sikio lasema twazunguka bado. Macho hurukaruka na ukuta huonekana ukikimbia. Daktari Robert Bárány alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kuyachunguza mambo ya aina hii. Sijui ni amri gani ya mkufunzi itakayoyatuliza majimaji ya sikio!

Wacheza densi ya bale wana mbinu yao. Huchagua alama moja ukutani na kuikazia macho. Mwili hugeuka huku kichwa kikibaki nyuma, kisha shingo hugeuka upesi na macho yakairudia alama ile ile kabla mabega hayajafika. Mbinu hii yafaa sana kwa teke la kuzunguka. Mpiganaji anayetazama juu ya bega na kumwona mpinzani kabla ya kuutupa mguu hulenga vyema, wala hasombwi na mzunguko wake mwenyewe. Faida si haba: katika taekwondo ya Olimpiki za Tokyo, mwaka 2021, teke la kuzunguka lililompata mpinzani kichwani lilikuwa na pointi tano, ilhali la kawaida lilikuwa na tatu.

Watelezaji wa barafuni, kwa upande wao, huzunguka kwa kasi ambayo shingo haiwezi kuifuata. Wao hutegemea mazoea. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London waliwalinganisha wanawake 29 wacheza bale na wapiga makasia 20, wakaona kwamba ubongo wa wachezaji hao umejifunza kuzipuuza habari za sikio. Lakini hayo ni matunda ya miaka mingi, si ya Jumamosi moja. Mtoto na aanze na mizunguko miwili, apumzike, ageukie upande wa pili. Wiki ijayo aongezewe mmoja.

Linalonitia hofu zaidi ni kizunguzungu kinachofuata pigo la kichwani. Hicho ni kingine kabisa, kwani huenda ubongo umetikisika. Mtoto huyo hana budi kuondolewa ulingoni siku hiyo na kupelekwa kwa daktari, hata akiapa kwamba yu mzima na pambano limebakisha dakika moja. Mkufunzi aliyezoea kukiita kila kizunguzungu woga ndiye atakayemrudisha.