Seva ya Ndani Ibaki Ndani

Mwishoni mwa Desemba 2016, mtafiti wa usalama wa mitandao wa Uholanzi, Victor Gevers, alikuta hifadhidata ya MongoDB imekombwa yote. Kilichobaki ni ujumbe: lipa Bitcoin 0.2 urudishiwe data zako. Januari haikwisha kabla maelfu kwa maelfu ya nyingine hazijapigwa vivyo hivyo. Waliolipa, wengi walitoka mikono mitupu, maana wezi hawakunakili kitu. Walifuta tu.

Hakuna nywila iliyovunjwa. Haikuwepo, na poti 27017 ilikuwa wazi kwa dunia nzima.

Chanzo mara nyingi ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, ule unaoiambia programu isikilize anwani ipi. Ukiandika 127.0.0.1, seva itaisikia kompyuta iliyomo na basi. Ukiandika 192.168.1.10, anwani yake katika mtandao wa ofisi, itasikiliza upande huo peke yake. Lakini 0.0.0.0 ni kusikiliza kila upande, pamoja na ule wa intaneti kama upo. Tangu toleo 3.6 la mwaka 2017, MongoDB husikiliza 127.0.0.1 mpaka mwenyewe abadilishe. Afadhali, ingawa walichelewa.

Anwani za 192.168 na za 10 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, na intaneti haizipitishi. Wengi huishia hapo wakajiona salama. Kisha bosi anataka kuona ripoti akiwa nyumbani, fundi anafungua poti kwenye ruta, na seva imeshatoka barazani. Kudhani hakuna atakayeiona ni kujidanganya: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba programu yao, ZMap, inaweza kupiga hodi kwenye anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Bosi apewe VPN.

Faiwoli nayo iruhusu 192.168.1.0/24 pekee, wengine wote wakataliwe. Wanaotumia Docker wawe macho zaidi, kwani programu hiyo hujiandikia sheria zake kwenye iptables. Hivyo ufw, faiwoli ya Ubuntu, inaweza kusema poti imefungwa ilhali iko wazi.

Kwa hiyo fundi makini haiamini orodha ya sheria. Huzima Wi-Fi ya simu yake, akatumia bando, na kujaribu kuifikia seva kupitia anwani ya nje ya ofisi. Ikijibu, kazi haijaisha.