Gita la bei nafuu si gita la aibu



Mpiga gita asiye na gita lake ni kama dereva wa gari la tajiri: siku akinyang'anywa ufunguo, ujuzi anao lakini kazi hana. Wapenzi wa muziki wa dansi wanalifahamu jambo hili. Bendi nyingi za zamani zilikuwa na wenyewe, nao ndio waliomiliki vyombo. NUTA Jazz, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alipokosana na wenye vyombo, aliondoka na vidole vyake tu.

Kwa hiyo kijana anayejinyima ili anunue gita lake la umeme anafanya jambo la maana. Hatari ni kwamba fedha hizo huenda zikaishia kwenye jina. Anautaka mlio ule wa kale aliousikia katika santuri, naye ameambiwa kuwa hautoki ila kwenye Fender au Gibson ya Marekani, ambayo bei yake haiwezi.

Basi na tujiulize magita hayo yalitoka wapi. Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko California, na wala hakujua kupiga gita. Gita lake lililotoka mwaka 1950, ambalo baadaye liliitwa Telecaster, lilikuwa ubao mzima uliofungwa shingo kwa skrubu. Alilibuni hivyo ili litengenezeke upesi na kurekebishwa bila taabu. Gita linaloonekana leo kuwa la kifahari lilizaliwa likiwa chombo cha kazi, na kwa kuwa umbo lake ni rahisi, si vigumu kuliiga vizuri. Kampuni ya Fender yenyewe imelitumia jina la Squier kwa magita ya bei nafuu tangu mwaka 1982. Gibson nayo hutumia jina la Epiphone, kampuni iliyoinunua mwaka 1957.

Zaidi ya jina, tazama pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ambazo hunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Pikapu za koili moja, kama za Telecaster na za Stratocaster ya mwaka 1954, hutoa mlio mkali unaosikika waziwazi hata katikati ya tarumbeta na ngoma. Kasoro yake ni kuvuma, hasa karibu na taa za tyubu. Pikapu za koili mbili, ambazo Gibson ilianza kuziweka kwenye Les Paul mwaka 1957, huzima mvumo huo na kutoa mlio mnene. Anayetaka solo linalolia kama kengele atafute aina ya kwanza.

Ukifika dukani, au kwa mwenye gita lililokwisha tumika, usione haya kulikagua kabla hujatoa fedha. Kwanza, itazame shingo kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepinda kidogo, fundi ataweza kuinyoosha kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani. Ikiwa imejisokota, liache. Pili, bonyeza kila uzi kwenye kila freti, usikilize panapokwaruza. Tatu, piga uzi mtupu, kisha uubonyeze kwenye freti ya 12: sauti inapaswa kuwa ileile, ila ya juu zaidi. Ikipotoka kidogo, hurekebishwa pale nyuzi zinapoegemea. Nne, lichomeke kwenye amplifaya na uzungushe vitufe vyote. Mara nyingi mkwaruzo wa hapo ni uchafu tu, nao ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei.

Wala usimalize fedha zote kwenye gita. Bakiza za nyuzi mpya, za fundi na za amplifaya. Gita la wastani kwenye amplifaya nzuri hulishinda gita la bei mbaya kwenye spika iliyochanika.

Jina huandikwa kichwani mwa gita, na wanaocheza ukumbini hawalisomi. Wanachosikia ni vidole vyako, na gita likiwa lako, hakuna atakayevinyamazisha kwa kufunga stoo.