MODEMU YENU HAIJAFA
Namna ya kupata intaneti kwenye kompyuta ya Linux

Ndugu wanakikundi, kazi nyingi za kikundi siku hizi hupitia kwenye intaneti: fomu za mikopo, huduma za serikali kwenye eCitizen, kodi kwenye iTax, barua kwa wafadhili. Kila mara katibu anapopanda boda boda kwenda saiba Ndhiwa mjini, nauli na pesa ya kuchapa zinatoka kwenye mfuko wenu. Kikundi chenye kompyuta kuukuu na modemu ya kuchomeka, ile ndogo kama kidole, kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo papo hapo kijijini.

KWA NINI LINUX?

Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 mwezi wa Januari 2020, na Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows mpya. Linux ni programu ya kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, lakini ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Aina zake zilizo rahisi kwa anayeanza ni Ubuntu na Linux Mint.

Shida inakuja hapa. Mnachomeka modemu, na badala ya intaneti mnaona picha ya CD tu. Mtu anawaambia, "Hii imekufa, nunueni ingine." Ngojeni kwanza! Msitoe pesa.

MODEMU INAYOJIFANYA CD

Modemu nyingi za namna hii ni vitu viwili ndani ya ganda moja. Watengenezaji waliweka programu ya Windows humo ndani ili mnunuzi asibebe CD kando. Ukiichomeka, inajitokeza kwanza kama CD. Kwenye Windows programu ile hujiweka, halafu huiamuru modemu igeuke iwe modemu. Linux haiwezi kuendesha programu ya Windows. Kwa hiyo amri haitolewi, na modemu inabaki CD. Haijaharibika, inangoja kuambiwa.

Kwenye Linux kazi ya kuiambia hufanywa na programu ndogo iitwayo usb_modeswitch.

FUATENI HATUA HIZI

1. Tayarisheni laini. Itieni kwenye simu, ondoeni namba ya siri ya PIN, na mhakikishe ina bando. Mjue pia kwamba modemu iliyouzwa na kampuni moja ya simu mara nyingi imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine.

2. Chomekeni modemu kwenye kompyuta yenyewe. Kama ni ya mezani, tumieni matundu ya nyuma. Modemu inakula stima nyingi kidogo, na kigawanyio dhaifu kinaweza kuiangusha. Ngojeni nusu dakika.

3. Fungueni dirisha la kuandikia amri, liitwalo Terminal, muandike:
lsusb
Tafuteni mstari wenye 12d1, ambayo ni namba ya Huawei, au 19d2, ambayo ni ya ZTE. Usipouona kabisa, jaribuni tundu lingine. Ukiwepo, kompyuta imeiona modemu.

4. Angalieni namba iliyo baada ya nukta mbili. Huawei E1550, kwa mfano, ikiwa bado ni CD huonyesha 1446. Ikishageuka huonyesha 1001. Kama haijageuka, andikeni:
sudo apt install usb-modeswitch
Amri hii inahitaji intaneti kidogo, kwa hiyo unganisheni simu ya mwenzenu kwa waya na kushiriki bando lake. Kisha chomoeni modemu na kuichomeka tena.

5. Bonyezeni alama ya mtandao kwenye pembe ya skrini, mchague Mobile Broadband. Chagueni Kenya, halafu kampuni ya laini yenu. Mkiulizwa APN, ya Safaricom ni safaricom, jina ni saf, neno la siri ni data. Kwa kampuni nyingine ulizeni kwenye duka lao.

Modemu zingine za Huawei, kama E3372h, zikishageuka hufanya kazi kama kadi ya mtandao. Hizo hazihitaji hatua ya 5. Fungueni kisakuzi, yaani programu ya kusomea intaneti, na kuandika 192.168.8.1, mtaona ukurasa wake.

Mtandao ukiwa hafifu, tumieni waya mfupi wa USB kuisogeza modemu dirishani, mbali na mabati.

LINDENI BANDO

Hapa ndipo pesa za kikundi hupotea. Linux ikiachwa hivi hivi inaweza kujipakulia masahihisho yake mazito na kumaliza bando kabla katibu hajatuma barua moja. Ingieni kwenye mipangilio na kuzuia upakuaji wa kujiendesha. Lakini msiyaache masahihisho kabisa, maana ndiyo yanayoziba matundu ya wezi. Mara moja kwa mwezi ipelekeni kompyuta penye intaneti ya bei nafuu, myapakue yote kwa pamoja.

KAZI KWENU

Msimwachie kijana mmoja ujuzi huu. Akipata kazi Kisumu, kompyuta itakaa chini ya gunia. Chagueni wawili au watatu, mmoja wao akiwa mama, wajifunze pamoja. Katibu aandike hatua hizi kwenye daftari la kikundi: aina ya modemu, namba zake mbili, APN, na siku bando linapoisha. Na mtu akija kuwaambia modemu imekufa, mwombeni kwanza aandike lsusb mbele yenu.