Pumzi ya Injini ya Dizeli: Kuongeza Nguvu za Pikapu Kuukuu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika mahali ambapo barabara kuu huliacha bonde la Ruaha na kuanza kuupanda mlima wa Kitonga. Hapo ndipo magari hujulikana. Pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika miaka 20 au 30, ikiwa imesheheni magunia, huingia gia ya pili, hupungua mwendo, na nyuma yake huacha wingu la moshi mweusi. Mwenye gari akifika gereji humwambia fundi neno moja: gari halina nguvu. Mara nyingi jibu la fundi ni bisibisi. Hulegeza nati iliyo nyuma ya pampu ya dizeli, akakaza skrubu moja kwa robo au nusu mzunguko, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Gari huondoka likiwa na nguvu kweli, na moshi wake umezidi weusi. Baada ya miezi michache huenda likarudi likivutwa kwa kamba, silinda hedi ikiwa imepasuka.

Kwa mwenye pikapu anayeishi kwa kubeba viazi kutoka milima ya Uporoto hadi sokoni, ajali ya namna hiyo ni kufilisika. Kwa hiyo inafaa kueleza ni kitu gani hasa injini ya dizeli hupungukiwa inapopanda mlima, na ni kwa njia gani mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida anaweza kuiongezea nguvu nyumbani kwake bila kuiua.

Mfano utakaotumika ni injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo imo katika pikapu nyingi za Land Cruiser za hospitali, misheni na miradi ya Afrika Mashariki. Ina silinda 6. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 94 na mwendo wa pistoni ni milimita 100. Mwanafunzi akikokotoa ujazo wa silinda zote atapata takriban sentimita za ujazo 4,164, yaani lita 4 na ushei.

Hewa kwanza, dizeli baadaye

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897, aliiacha cheche ya umeme. Hewa tupu huingia katika silinda na kugandamizwa kwa nguvu. Katika 1HZ hewa hubanwa mpaka ibaki sehemu 1 kati ya 22.4 ya ujazo wake wa awali, na kwa kubanwa huko halijoto yake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo dizeli inaponyunyizwa, nayo huwaka yenyewe.

Ili kilo 1 ya dizeli iungue yote zinahitajika kilo 14.5 za hewa hivi. Lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Ndani ya silinda dizeli ina muda mfupi mno wa kuchanganyika na hewa, na hewa ikipungua chini ya kilo 18 au 20 kwa kila kilo ya dizeli, baadhi ya kaboni hutoka bila kuungua. Hiyo kaboni ndiyo moshi mweusi. Pikapu inayotoa moshi mweusi mlimani tayari ina dizeli kuliko hewa yake, na skrubu ya fundi huiongezea kile kilichokwisha kuzidi.

Hewa yenyewe yaweza kupimwa kwa kalamu. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko 2. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, 1HZ ingevuta lita 4.164 mara 1,500, yaani mita za ujazo 6.2, lakini kwa kuwa silinda hazijai kamwe kwa ukamilifu, ichukuliwe asilimia 85 yake, nayo ni 5.3. Pwani, penye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.16. Kwa hiyo injini hupata kilo 6.2 za hewa kila dakika, na kwa uwiano wa 20 kwa 1 inaweza kuunguza vizuri kilo 0.31 za dizeli. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 81 tu ya ile ya pwani. Hata kwa baridi ya nyuzi 20, mita ya ujazo ina kilo 0.98. Hewa yote ni kilo 5.2, na dizeli inayostahili ni kilo 0.26. Gari lililokuwa safi Tanga hutoa moshi Mbeya ingawa hakuna aliyeligusa, isipokuwa pampu yake iwe na kile kidude cha kupunguza dizeli kufuata mwinuko, ambacho si pampu zote zinacho.

Kipuliza-hewa na joto lake

Njia ya kuipa injini hewa zaidi iliwekewa hataza na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Gesi za moto zitokazo katika injini huzungusha gurudumu lenye mapezi. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mfupi na gurudumu la pili linalosukuma hewa safi ndani ya silinda. Mafundi hukiita kifaa hiki tabo. Nguvu inayokiendesha ni ile ambayo ingepotea katika bomba la moshi.

Hata hivyo hewa ikigandamizwa hupata joto, na wengi wanaofunga tabo nyumbani hulisahau jambo hili. Tuseme tabo inapandisha kanieneo mara 1.5, na hewa iliingia ikiwa na nyuzi 27. Kwa tabo ya kawaida hewa hiyo hutoka ikiwa na nyuzi 80 na zaidi. Kwa kuwa hewa yenye joto hutanuka, ongezeko la uzito wake si asilimia 50 bali ni asilimia 26 hivi. Ikipitishwa kwanza katika rejeta ya hewa iliyowekwa mbele ya gari, na ikapoa hadi nyuzi 45, ongezeko hufika asilimia 41. Rejeta hiyo haina kitu kinachozunguka wala kuchakaa, na katika gharama zote za kazi hii ndiyo inayolipa upesi.

Watengenezaji wenyewe wanaiheshimu hatari ya joto. Kampuni ileile ilipotoa 1HD-T, injini ya ujazo uleule yenye tabo tangu kiwandani, uwiano wa mgandamizo ulishushwa hadi 18.6 kwa 1, na dizeli ikanyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ hunyunyiza dizeli katika kijichumba kilicho ndani ya silinda hedi, mtindo unaotokana na hataza ya Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz ya mwaka 1909. Vijichumba hivyo hupunguza kelele na huvumilia dizeli isiyo nzuri sana, lakini hukusanya joto, na kando yake ndipo nyufa huanzia. Anayefunga tabo katika 1HZ anaongeza mzigo juu ya injini isiyoundwa kwa ajili hiyo. Kwa kiasi, yaani ongezeko la nusu ya kanieneo ya anga, wengi wamefaulu. Wanaotafuta mara mbili ya hapo hununua injini nyingine.

Kisha kuna suala la pampu. Skrubu ya dizeli huongeza dizeli wakati wote, hata pale tabo haijaanza kuzunguka kwa kasi. Pampu za injini za tabo zina kiwambo chembamba kinachosukumwa na hewa ya tabo yenyewe, ili dizeli iongezeke hewa inapoongezeka. Mwenye nia ya kufanya kazi ya kudumu aipeleke pampu kwa fundi wa pampu, mwenye benchi la kupimia, akafungiwe kiwambo hicho. Hii ndiyo sehemu moja ya kazi isiyofaa kufanyiwa nyumbani.

Kipimo kisichoepukika

Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na aloi ya pistoni huanza kulegea mapema zaidi. Pistoni huokolewa na maji na oili zinazoondoa joto lake. Gesi zinazoigusa zina joto kubwa kuliko hilo. Dereva hawezi kulijua joto la gesi hizo kwa kutazama mshale wa maji, kwa sababu maji huchelewa kupashwa, na mshale ukipanda madhara huwa yamekwisha kutokea.

Kinachohitajika ni themokapo. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiungwa, na maungio yakawa na halijoto tofauti, athari ya umeme hutokea. Themokapo ya aina K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja; kwa nyuzi 700, upande wa pili ukiwa kwenye barafu, ni karibu milivolti 29, ambazo hata mita ya maabara ya shule inaweza kuzisoma. Ncha yake huwekwa katika bomba la gesi kabla ya tabo. Bomba lifunguliwe kwanza ndipo litobolewe, kwani kipande cha chuma kikiachwa ndani kitaparuza mapezi ya tabo. Kwa injini za aina hii kikomo kinachotumiwa sana katika mpando mrefu ni nyuzi 700 hivi. Sindano ikikaribia hapo, dereva apunguze mafuta na kushuka gia moja.

Kabla ya yote hayo injini kuukuu ipimwe mgandamizo wa kila silinda, nozeli zipelekwe kupimwa, chujio cha hewa na rejeta visafishwe. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Si ajabu mwenye gari akagundua katika hatua hii kwamba nguvu anazozitafuta zilikuwa zimezibwa na vumbi.

Breki nazo zina hesabu yake. Gari lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa likienda 80, nishati ya mwendo wake huzidi kwa karibu asilimia 78, na breki ni zilezile. Aidha, pikapu ya tani 3 inayoshuka mita 500 inapaswa kuondoa megajuli 14.7 za nishati. Tabo haisaidii chochote wakati wa kushuka.

Matokeo ya kazi yote yanaweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Ichaguliwe barabara ya mlima ambayo mwinuko wake unajulikana kutoka ramani, na uzito wa gari na shehena upimwe kwenye mizani. Pikapu ya kilo 3,000 ikiinuka mita 200 kwa dakika 4, nguvu iliyotumika kuinua peke yake ni 3,000 mara 9.8 mara 200, ikagawanywa kwa sekunde 240: kilowati 24.5, mbali na zile zilizopotea katika matairi na upepo. Jaribio lirudiwe kwa shehena ileile baada ya tabo kufungwa, na halijoto ya juu kabisa iandikwe kando ya muda. Dakika zikipungua huku sindano ikibaki chini ya 700, kazi imefanikiwa. Zikipungua huku sindano ikipita hapo, skrubu irudishwe nyuma.

Mwisho wa kila safari injini iachwe ikinguruma polepole kwa dakika moja au mbili. Mhimili wa tabo, ambao huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huelea juu ya utando wa oili. Injini ikizimwa ghafla ingali moto, oili iliyosimama huungua na kuwa masizi ndani ya beringi.