Kukarabati Huku Abiria Wamo Ndani

Treni ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, kituo chake cha Mombasa hakikuwekwa kisiwani. Kiliwekwa Miritini, ndani ya eneo bunge la Jomvu, si mbali na Jomvu Kuu. Mkandarasi alikabidhiwa kiwanja, akakizungushia ua, akajenga. Hakukuwa na abiria wa kukatiza katikati ya mafundi na begi begani, wala mama wa mahamri wa kuombwa asogeze meza yake, wala treni ya alfajiri ya kusubiriwa ipite ndipo zege limwagwe. Kazi ya namna hiyo ina taabu zake, lakini mjenzi huwa yuko peke yake na mjengo wake.

Stesheni, stendi au uwanja wa ndege unaotumika kila siku ukitakiwa kukarabatiwa, mambo hugeuka. Abiria watafika kesho saa kumi na moja alfajiri, paa liwepo lisiwepo. Hapo kujua jengo litakuwaje likikamilika si kazi kubwa. Mchoraji amekwisha kulionyesha. Kazi ni kujua watu watapita wapi tangu siku ya kwanza ya kubomoa hadi siku ya mwisho ya kupaka rangi. Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachopewa nafasi ndogo kabisa. Tazama bango lolote la mradi wa serikali: jengo linang'aa, miti imestawi, magari mawili matatu yanapita kwa raha zao. Mahali pa kungojea matatu wakati kuta ziko chini hapachorwi.

Kenya ilifundishwa jambo hili kwa moto. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013, ukumbi wa kuwasili abiria wa kimataifa kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uliteketea. Hakuna aliyekufa. Ndege zilizokuwa njiani ziligeuzwa, nyingine zikaja kutua Mombasa, kwenye Uwanja wa Moi ulioko Port Reitz, ambao milio ya ndege zake watu wa Changamwe na Jomvu wameizoea. Jengo la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1978 likikusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Siku lilipoungua lilikuwa likihudumia zaidi ya milioni 6.

Jioni ya siku ile ile ndege za ndani na za mizigo zilianza tena kuruka. Kesho yake zikarudi za kimataifa. Kwa nchi inayouza maua Ulaya, na maua hayajui kungoja, saa hizo zilikuwa na thamani kubwa. Mahema yalisimamishwa, abiria wakapangwa foleni ndani yake, mihuri ikagongwa kwenye pasipoti juu ya meza za kawaida. Kisha ghorofa la chini la jengo jipya la kuegesha magari likageuzwa ukumbi wa kuwasili. Palipokusudiwa gari kulala pakawekwa madirisha ya uhamiaji na mikanda ya mizigo, na mtalii aliyetua kwa mara ya kwanza akaingia Kenya kupitia gereji.

Kuna mambo mawili yaliyofanya jambo hilo liwezekane, na yote mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni nafasi: gereji lilikuwa pale pale, jipya, na liliweza kuachiwa kazi nyingine. Uwanja usiokuwa na pembe moja ya akiba ungebaki na mahema tu. La pili ni kwamba kwa siku zile kila ofisi ilijua kitu gani kinatangulia. Uwanja wa ndege una wenyewe wengi: mamlaka ya viwanja, uhamiaji, forodha, polisi, mashirika ya ndege, wenye maduka. Siku za kawaida kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake. Moto uliwaweka chini ya sauti moja. Ukarabati uliopangwa hauna moto wa kuwatisha watu, kwa hiyo sauti hiyo moja lazima itajwe kwenye mkataba, jina na cheo, kabla nyundo haijainuliwa. Msimamizi asiyeweza kumwambia mwenye duka la bidhaa zisizotozwa ushuru ahame Jumatatu, akahama kweli Jumatatu, si msimamizi. Ni mjumbe wa vikao.

Lakini hadithi ya Nairobi ina upande wa pili, nao haupendezi sana. Mwaka 2015 lilifunguliwa jengo jingine la abiria, Terminal 2, lililoelezwa kuwa ni la muda, la kusaidia hadi kituo kikubwa kipya kiishe. Kituo hicho kikubwa, kilichopewa jina la Greenfield na kukusudiwa kubeba abiria milioni 20 kwa mwaka, kilifutwa mwaka 2016. Mpango mwingine wa kuupanua uwanja kwa mikono ya kampuni ya Adani ya India ulifutwa na Rais William Ruto mwezi Novemba 2024. Jengo la muda likabaki kupokea wasafiri. Chochote kinachoitwa cha muda katika mradi wa usafiri kinafaa kujengwa kana kwamba kitakaa miaka kumi: choo chake, kivuli chake, njia yake ya kiti cha magurudumu, mfereji wake wa maji ya mvua.

Nchi tajiri nazo hukwama mahali hapo hapo. Stesheni ya London Bridge, ambayo ni miongoni mwa kongwe kabisa jijini London, ilijengwa upya kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 bila kufungwa. Majukwaa yalivunjwa kwa zamu, machache kwa wakati, huku treni nyingine zikipita bila kusimama kwa miezi mingi. Mpango ulikuwa umepigwa hesabu sana. Hata hivyo mwanzoni mwa mwaka 2015, majukwaa yalipopungua, ratiba ya treni ikawa imebana kupita kiasi. Treni moja ikichelewa, abiria wa treni tatu hujikuta ukumbi mmoja. Ikafika jioni moja ya Machi watu wakaruka vizuizi vya tiketi kuepuka msongamano. Wahandisi walikuwa wamehesabu treni. Miguu ya watu ilikuwa haijahesabiwa vya kutosha. Dawa ilikuwa chungu lakini rahisi: treni zilipunguzwa ili zile zilizobaki zifike kwa wakati. Msimamizi wa mradi wa aina hii inabidi awe na ujasiri wa kuahidi huduma kidogo na kuitimiza, badala ya kuahidi ile ile ya zamani na kuwaacha watu wakisukumana.

Jirani zetu wa Kampala walipata bahati ya ajabu. Mwaka 2020, usafiri wa umma ulipopigwa marufuku Uganda kwa sababu ya korona, halmashauri ya jiji, KCCA, iliutumia ukimya huo kuufunga uwanja wa zamani wa matatu, Old Taxi Park, na kuanza kuujenga upya. Kwa kawaida hapo hapana hata nafasi ya kugeuza toroli. Magari yaliporuhusiwa kurudi barabarani mwezi Juni, uwanja ulikuwa bado umefungwa, nayo ikabidi yagawanywe kwenye viwanja vingine vya mji. Bahati iliwapa mwanzo tu. Kipindi cha katikati kiliwangoja vile vile.

Mombasa ina mfano wake mzuri, na kila mtu wa Jomvu anayekwenda mjini huukanyaga. Kwa miongo mingi kisiwa kiliunganishwa na bara kwa tuta la Makupa, lililoziba maji yasipite kati ya hori la Tudor na lile la Port Reitz. Ujenzi wa daraja la mita 457 ulianza mwaka 2021, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 4.5, nalo likafunguliwa mwezi Agosti 2022. Wakati nguzo zinapanda, magari yaliendelea kupita kwenye tuta. Njia mpya ilitangulia kuwa tayari, ndipo ya zamani ikaguswa. Huu ni utaratibu ambao hata fundi wa nyumba ya udongo anaujua: hung'oi paa kabla hujajua watoto watalala wapi. Ajabu ni mara ngapi ofisi kubwa huusahau.

Uliwahi kusahauliwa Jomvu penyewe. Barabara ya Mombasa kwenda Mariakani ilipotakiwa kupanuliwa, usiku wa tarehe 17 Mei 2015 tingatinga lilifika chini ya ulinzi wa watu wenye silaha, likabomoa nyumba na vibanda vilivyokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu mia moja walijikuta nje, wengine wakiokoa godoro na kuacha biashara chini ya matofali. Alama za X zilikuwa zimepigwa kwenye kuta kabla ya hapo. Mahali pa kuhamia hapakuwa pamepatikana. Shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya tukio hilo mwaka huo huo. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, ilikiri mbele ya wakazi kuwa utaratibu haukufuatwa. Wakazi walifikisha malalamiko yao kwenye Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mmoja wa wafadhili wa barabara, na ofisi ya malalamiko ya benki hiyo ikasimamia usuluhishi.

Wapo watakaosema hilo ni suala la haki za binadamu, halihusiani na usimamizi wa miradi. Wanakosea. Usiku mmoja wa tingatinga ulizaa miaka ya vikao, mashahidi, hesabu za fidia na barua za kwenda Luxembourg, yaliko makao makuu ya benki hiyo. Yote hayo ni gharama, na hakuna hata moja inayoongeza mita ya lami. Muuza viazi karai aliye kwenye steji anajua wateja wake hushuka wapi na saa ngapi. Ukimsogeza mita mia mbili bila kumuuliza, hapati tena riziki, na wiki ijayo atarudi pale pale na meza yake, ndani ya uzio wa mabati, katikati ya mradi. Kumshirikisha tangu mwanzo kunamgharimu mkandarasi asubuhi chache za mazungumzo.

Kuna adui mwingine asiyeonekana: kilichomo ndani ya kuta. Jengo la umma la miaka arobaini huwa limepitiwa na mafundi wengi, na michoro ya ofisini mara nyingi hailingani tena na kilichopo. Waya zimeongezwa juu ya waya, bomba limepindishwa kukwepa duka la fulani, ukuta unaodhaniwa ni wa kugawa vyumba kumbe umebeba dari. Mkandarasi akigundua haya katikati ya kazi, hudai nyongeza. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 imeweka mpaka: kiasi cha kazi za ujenzi hakiruhusiwi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na nyongeza zote kwa jumla zisiipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Mpaka huo ni mzuri kwa mlipa kodi, lakini unamaanisha kwamba mradi ulioanza bila uchunguzi wa kutosha unaweza kufika mpakani huku nusu ya jengo ikiwa wazi. Ndipo tunapoona mabati yaliyopauka, nyasi zimeota ndani, na abiria wananyeshewa kando yake. Wiki kadhaa za kutoboa kuta, kufungua dari na kufuata nyaya kabla ya kutangaza zabuni zina faida kuliko sherehe yoyote ya kuweka jiwe la msingi.

Jomvu itaendelea kuguswa na kazi za namna hii. Kituo cha Miritini kiko hapa, barabara kuu ya kwenda Nairobi inapita hapa, na steji zilizoko kando yake hazijapata bado majengo yanayolingana na idadi ya watu wanaozitumia. Siku chifu atakapoitisha baraza na mhandisi kusimama na mchoro wake, wananchi wasiishie kuuliza kazi itaanza lini na vijana wangapi wataandikwa. Waulize: siku ya pili baada ya tingatinga, matatu zitasimama wapi? Wenye vibanda watauzia wapi, na nani amezungumza nao? Nani mwenye amri moja juu ya ofisi zote? Kuta zimechunguzwa?

Jibu la mdomo lisitoshe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka za mradi wa umma, na hadaiwi kueleza anazitakia nini. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, na ikikataa, rufaa hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala.